Siku Maua ya Kitambaa Yaliponukia

Mwanangu Mishi,

Nyumba imetulia mchana huu. Babako yuko kazini, cherehani nimeifunika, nami nimekaa mezani pale ulipokuwa ukifanyia hesabu zako, upande wa dirisha. Barua hii nimeianza mara nyingi kichwani, nikipiga pasi, nikishona vifungo, na kila mara imenikwama kwenye salamu, kwa sababu sijui mtu husalimiwaje huko uliko. Basi nikuamkie kama zamani. Umeamkaje, mwanangu? Nawe ulikuwa ukinijibu, "Kifua chema, mama," kabla hata ya kunipa shikamoo, kwa kuwa ulijua hilo ndilo nililotaka kulisikia kwanza.

Nataka barua hii isomwe na yeyote itakayemfikia. Watu wa mtaa wetu wa Mtopanga walisikia habari ya kifo chako, na walichosikia si kweli. Aliyewaacha waamini uongo ni mimi.

Sijui unakumbuka vipi nyumba yetu kabla ya maua yale. Ulikuwa na miaka minne. Nyanyako, mamake babako, alikuwa tayari anaishi nasi, na uani alikuwa na mti wake wa asumini. Kila Alhamisi jioni alikaa kwenye kigoda na sinia mapajani, akitunga vikuba vya kuuza, asumini na rehani na waridi, kwa wake wanaotaka kunukia siku ya Ijumaa na kwa maharusi. Wewe ulikaa miguuni pake ukiokota yaliyoanguka. Ukiyajaza kwenye kiganja, unayafunika uso, unavuta pumzi mpaka mabega yanapanda.

Jioni moja ulivuta pumzi haikutoka. Kifua kilikuwa kikilia filimbi, mbavu zikiingia ndani, midomo imebadilika rangi. Ndipo tulipolijua jina la ugonjwa, pumu. Nesi wa kliniki, mwanamke mmoja mkali kutoka bara, alituketisha sote watatu na kutueleza. Moshi hapana, manukato makali hapana, vumbi hapana, paka hapana, maua hapana.

"Na asumini?" nyanyako aliuliza.

"Na asumini, mama."

Asubuhi yake nyanyako aliamka, akachukua panga, akaukata mti ule mwenyewe, mti uliompa riziki tangu alipofiwa na mumewe. Babako alipomwambia angeweza kumwachia jirani auchimbe akaupande kwake, alisema, "Kwa jirani ni karibu. Upepo hauna mlango." Tangu siku hiyo hakutunga tena kikuba. Na chetezo chake cha udi alikitoa chumbani, akawa anachoma nje kabisa, nyuma ya ukuta wa choo, alfajiri, sote tumelala. Nguo alizozifukiza alizitundika kwenye kamba zipigwe na upepo ndipo aingie nazo ndani. Nalitaja hili sasa, Mishi, kwa sababu miaka mitatu nimekaa nalo na sikulisema palipotakiwa.

Ulilia nyumba imekuwa kavu. Babako hakuweza kuvumilia kilio chako hata siku moja, na siku hiyo alikuwa amemaliza kutengeneza friji za hoteli moja huko Bamburi, akapita mjini akarudi na mfuko mkubwa. Akatoa mawaridi ya kitambaa, mekundu na ya rangi ya maziwa, shina kwa shina. Akatoa mtambao wa plastiki wa kuning'iniza juu ya pazia. Akatoa na mti mdogo wa majani mapana, umesimama kwenye chungu chenye changarawe za uongo. Ulizunguka sebule ukiyashika moja moja. Halafu ukatia pua kwenye waridi, ukainua uso, ukatutazama.

"Hayanukii."

"Hayanukii, lakini nayo hayakudhuru," nyanyako alikwambia.

Ukakubali kwa shida. Ila kila ulipotoka shule au chuoni kusoma Kurani, ulivua viatu, ukaenda moja kwa moja kwenye lile waridi ukatia pua. "Labda leo," ulikuwa ukisema, na sote tukicheka.

Kumbe nayo yangeweza kudhuru. Nesi yule yule alikuja kuniuliza, mwaka uliofuata, ulipoanza kukohoa tena alfajiri: mna zulia? Mna mapazia mazito? Mna maua ya kutengenezwa? Nikasema tunayo. Akaniambia maua yale hukusanya vumbi kuliko hata zulia, maana hayaoshwi na mvua wala hayaanguki. "Yatupe," alisema. "Ukishindwa kuyatupa, uyaoshe kila wiki. Si kupangusa juu juu. Kuosha."

Nilichagua kuosha. Nilijiambia ni kwa ajili yako, kwamba utalia nikiyatupa. Leo nasema kweli: niliyapenda mimi. Sebule yetu ilikuwa ndogo, kuta zina chumvi, viti vya mtumba, lakini wanawake wa chama changu walipoingia macho yao yaliruka viti yakaenda kwenye maua. "Mama Mishi, kwako kama hotelini." Nilipenda kuambiwa hivyo.

Jumamosi ikawa siku yetu. Ukirudi chuoni, tulitandika mkeka uani, tukaweka beseni mbili. Ya plastiki ndiyo yaliyoingia majini, maji ya vuguvugu na tone la sabuni, kisha beseni la pili lenye siki kidogo ili majani yasibaki na utando. Wewe ulikuwa na brashi yako, ile ndogo ya rangi aliyokupa babako, ukipita nayo kwenye mishipa ya majani kama unamsugua mtoto. Ya kitambaa hayakuingia majini. Tulijifunza kwa hasara, pale waridi jekundu lilipotoa rangi likachafua lile la maziwa, na waya wa ndani ukaota kutu. Mwanamke mmoja wa chama ndiye aliyetufundisha chumvi. Unatia maua kwenye mfuko na chumvi ya mawe, unafunga mdomo, unatikisa. Chumvi inalamba vumbi. Hiyo ilikuwa kazi yako, nikikufunga leso puani na mdomoni, ukitikisa huku ukihesabu mpaka mia mbili. Tulipoyatoa na kuimwaga chumvi ile, ilikuwa imegeuka kijivu.

"Mama, tazama tulichokuwa tukivuta," ulisema siku ya kwanza.

Kisha tulianika kivulini, maana jua huyafubaza, na tukakaa kuyangoja yakauke. Hapo ndipo ulipokuwa ukinieleza mambo yako yote. Nani kampiga nani chuoni. Kwamba utakuwa nesi, lakini si mkali. Kwamba ukiolewa utavaa kikuba cha asumini ya kweli siku moja tu, na pampu yako ya pumu utaishika mkono wa pili. Nilikwambia hakuna bi harusi mwenye pampu mkononi. Ukasema, "Basi nitakuwa wa kwanza."

Miaka sita hatukuruka Jumamosi hata moja, na kifua chako kilitulia. Nesi alikuwa akikupima, ananitazama, anasema, "Endelea hivyo hivyo." Nilijiona mama.

Sasa nifike kwenye Januari ile.

Unajua Januari ilivyo kwa mshonaji. Sare za shule zilikuwa zimejaa mpaka kitandani. Nilishona tangu swala ya asubuhi mpaka macho yakaona nyuzi mbili mbili. Jumamosi ya kwanza ikapita sijaosha maua. Ukaniuliza, nikasema wiki ijayo. Ya pili ikapita. Uliniambia unaweza kuosha mwenyewe, nikakukataza, sikutaka uvute vumbi peke yako. Ya tatu ilikuwa zamu yangu ya kupokea chama. Wanawake kumi na wawili walikuwa wanakuja alasiri, na nilipogusa jani moja la ule mti kidole kilitoka na vumbi.

Siku moja kabla, Ijumaa, nilikuwa mjini kununua zipu. Duka la mapambo lilikuwa jirani na la zipu. Muuzaji aliniona nikitazama, akanionyesha kopo la dawa ya kupuliza.

"Hii wapuliza tu, mama. Vumbi lashuka lenyewe, majani yang'aa, na yanukia waridi. Beseni basi tena."

Ilikuwa ni kumwuliza tu, je, nyumbani kukiwa na mtoto mwenye pumu? Sikumwuliza. Si kwamba nilisahau. Nilijua nikimwuliza huenda akaniambia nisinunue.

Jumamosi asubuhi ulikwenda chuoni. Babako alikuwa kazini. Nyanyako alikuwa jikoni akikuna nazi za wageni. Nikafunga madirisha, maana walikuwa wakichimba barabara na vumbi lilikuwa likiingia kama mgeni asiyebisha hodi, nikapuliza. Niliuanza mtambao, nikaja kwenye mti, nikamaliza na waridi. Kweli yaling'aa. Harufu ilikuwa kali mwanzo, ikanichoma koo, nikakohoa. Nilikohoa mimi mwenye kifua kizima, Mishi, na bado sikufungua dirisha. Nilifikiri mpaka adhuhuri itakuwa imepungua.

Ulirudi mapema. Mwalimu alikuwa na udhuru akawaachia. Nilikuwa chumbani nakunja sare, nikasikia viatu vyako vikivuliwa mlangoni, nikasikia nyayo zako. Nilijua unakokwenda. Nikaita, "Mishi, njoo huku kwanza."

Hukuja. Nikasikia sauti yako, ya furaha.

"Mama, leo yanukia."

Nilipofika ulikuwa bado umetia uso ndani ya waridi, mikono miwili imelishika, unavuta kama ulivyokuwa ukivuta asumini miguuni pa nyanyako. Ulinigeukia unatabasamu. Kisha ukakohoa, ukacheka, ukakohoa tena, na kicheko hakikurudi.

Pampu ilikuwa kwenye mkoba wako wa chuoni. Ulivuta mara mbili, mara tatu, mara nne. Nyanyako alikuja mbio na mikono yenye nazi, akakubeba yeye, na umri wake ule, mpaka barabarani. Tukapata tuktuk. Barabara ilikuwa imechimbwa upande mmoja, magari yamebanana, dereva akipiga honi na kuwaomba watu kwa mkono. Ulikuwa mapajani mwangu, umenitazama usoni. Ulikuwa unatafuta pumzi mahali ambapo haikuwapo, na mimi nilikuwa nakwambia, "Taratibu, mama, taratibu," kana kwamba tatizo ni haraka yako. Nyanyako alikuwa akisoma dua masikioni mwako. Kabla hatujafika mlango wa hospitali mkono wako ulilegea kwenye leso yangu. Walikuchukua wakakukimbiza ndani, lakini nilijua.

Babako alitukuta kwenye benchi la ukumbini. Daktari alitoka akatuambia. Kisha, kwa upole, akiwa na karatasi zake, akauliza, "Leo amevuta kitu gani? Moshi, manukato, dawa ya mbu? Siwezi kusema kwa hakika ni nini, lakini nahitaji kuandika."

Nikafungua mdomo. Naapa mbele ya Mola wako kwamba niliufungua ili niseme. Lakini babako alikuwa ameshageuka kumtazama mamake, kwa sababu leso yake, kama siku zote, ilikuwa na harufu ya mbali ya udi.

"Mama, ulichoma udi leo?"

"Nilichoma, mwanangu. Nje kule nyuma, alfajiri. Kama siku zote."

"Nimekwambia mara ngapi?"

Hakuwahi kumwambia hata mara moja, hapakuwa na haja. Nyanyako alinitazama mimi. Alikuwa akiningoja niseme, "La, mama huchoma nje, miaka saba sasa, mtoto hakudhurika." Daktari naye akanitazama.

Nikasema, "Labda."

Neno moja tu, mwanangu. Daktari akaandika.

Niliporudi nyumbani kabla ya mazishi nilifungua madirisha yote, nikalitia kopo kwenye pochi, na siku iliyofuata nikalitupa kwenye jaa mbali na mtaa wetu. Kabla ya kulitupa nililigeuza nyuma. Onyo lilikuwepo, kwa maandishi madogo, kwamba lisitumiwe palipofungwa wala karibu na mwenye ugonjwa wa kifua.

Katika matanga wanawake walinong'ona. Mtopanga nyumba zimegusana, neno halichoki kutembea. "Ni udi wa bibi yake." Nyanyako alikuwa kwenye mkeka pembeni, tasbihi mkononi, na kila mmoja aliyemshika mkono kumpa pole alimwachia upesi. Aliyasikia yote. Hakujitetea. Ilipofika arubaini alikuwa ameshaamini. Alikigawa chetezo chake, akakunja nguo zake kwenye sanduku moja, akamwambia babako anakwenda kukaa Likoni kwa shangazi yako. Babako hakumzuia. Alimbebea sanduku mpaka kwenye tuktuk na hakumbusu mkono. Mimi nilisimama mlangoni.

Na maua, Mishi, niliendelea kuyaosha. Kila Jumamosi, miaka mitatu, hata Januari. Beseni mbili, siki, chumvi. Nilitikisa mfuko nikihesabu mpaka mia mbili. Majirani walikuwa wakipita uani wakisema, "Masikini, anayatunza kwa ajili ya mtoto," na wengine walifuta machozi. Nilipokea huruma ile. Babako naye alikuwa akinitazama kwa upole kutoka mlangoni, na upole wake ulinila kuliko kipigo, lakini sikufungua mdomo.

Idi iliyopita tulivuka kwa feri kwenda Likoni kwa shangazi yako. Babako alianza kumtembelea mamake mwaka wa pili, dakika chache, kama mtu anayelipa ada. Binti wa shangazi yako alikuwa amejifungua, mtoto wa kike, mwezi mmoja. Wanawake tulikuwa tumekaa chumbani tukimpokezana. Ilipofika zamu ya nyanyako, aliinua viganja vyote viwili.

"Mimi hapana."

"Mshike, bibi, ni wako huyu," mzazi alisema.

"Nina harufu. Nitamdhuru."

Shangazi yako alininong'oneza kwamba ndivyo alivyo tangu mtoto azaliwe. Anaoga mara tatu kwa siku, anasugua mikono kwa ndimu mpaka inachubuka, na bado hamkaribii. Udi hajaugusa tangu atoke kwetu. Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa imepauka na kupasuka, mikono ile iliyokubeba mpaka barabarani ikiwa na machicha ya nazi.

Nilimwomba tuzungumze peke yetu. Wengine wakatoka, wakafikiri ni mambo ya mkwe na mkwe. Nikapiga magoti chini.

"Mama, haukuwa udi wako."

Nikamweleza yote, duka, kopo, madirisha, mpaka ulichosema ulipotia uso kwenye maua. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama dirishani, watoto wakicheza nje na nguo zao mpya.

"Kwa hivyo pale hospitali ulikuwa wajua."

"Nilikuwa najua, mama."

"Na kwenye mkeka, wale wanawake wakinitema, wajua."

"Ndiyo, mama. Nilijua."

"Miaka mitatu, kila swala, namwomba Mola anisamehe kwa kumwua mjukuu wangu." Alisema taratibu, bila kupaza sauti. "Nimeomba msamaha wa dhambi yako."

Aliita mlangoni, mzazi akaja. "Nipe mtoto," akasema. Akampokea, akamlaza begani, akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikadhani amemaliza nami, nikainuka.

"Mwambie mumeo leo," alisema bila kufumbua macho. "Na jina langu liliharibiwa mbele za watu. Basi lisafishwe mbele za watu."

Nilimwambia babako tukiwa tumesharudi, alasiri, sebuleni. Alikuwa amesimama. Alisikiliza mpaka mwisho akiutazama ule mtambao juu ya pazia. Hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Uliniacha nimseme mamangu?"

"Nilikuacha."

"Yatoke leo," alisema, akionyesha maua kwa kidevu, na akatoka. Alivuka Likoni tena, akakaa huko siku nne. Shangazi yako alinisimulia kwamba alilala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mamake, mtu mzima na mvi zake, na kwamba mamake alimruhusu.

Niliyatoa siku hiyo hiyo. Mawaridi yote, mtambao, mti na chungu chake, nikavitia kwenye gunia. Mke wa jirani aliniona nikiliburuta akasema, "Yangali mazuri, nipe mimi." Nikamwambia la. Nikakaa chini nikayakata kwa mkasi wangu wa kazi, ua kwa ua, jani kwa jani, ili yasifae kwa sebule ya mtu. Ndani ya waridi, katikati kabisa mahali brashi isipofika, bado palikuwa na vumbi, baada ya Jumamosi zote zile.

Wiki mbili baadaye tulikusomea hitima. Niliwaalika wote: wanawake wa chama, majirani, waliokuwa kwenye matanga yako. Nyanyako alikuja, shangazi yako amemshika mkono. Alikaa pale pale pembeni alipokaa siku zile. Baada ya dua, kabla ya chakula, nikasimama. Sauti ilinitoka ndogo, mtu mmoja nyuma akasema, "Hatusikii." Nikaanza tena kwa nguvu.

Niliwaambia ninayokuandikia hapa. Niliwaambia mama mkwe wangu alichoma udi nje kwa miaka saba na hakumdhuru mtoto, na kwamba mimi nilipuliza dawa kwenye nyumba iliyofungwa ili wao wakija waone maua yanang'aa. Hapo wengine waliinamisha vichwa, kwa sababu walikuwa wamekuja kweli alasiri ile, na wakakuta mlango umefungwa. Nikasema nilimwacha mwanamke asiye na hatia abebe maiti ya mwanangu mgongoni miaka mitatu. Kisha nikamgeukia, nikamwomba radhi mbele yao.

Nyanyako alisema, "Nimesikia."

Watu walikula. Walikula kwa haraka, na mmoja mmoja walikwenda kumshika nyanyako mkono, safari hii kwa muda mrefu, wengine wakimbusu. Mimi walinipita. Aliyekuwa rafiki yangu mkubwa kwenye chama aliikusanya buibui yake alipopita karibu nami, isiniguse. Babako alikuwa nje na wanaume. Sasa amerudi nyumbani, tunaishi, ananiachia pesa ya chakula juu ya meza, lakini haniiti tena Mama Mishi. Ananiita kwa jina nililopewa kwetu, kama mtu aliyekutana nami juzi.

Unajua desturi ya kwetu, shughuli ikiisha wanawake hubaki kuosha vyombo, na hapo ndipo kicheko kilipo. Siku ile hakuna aliyebaki. Nilitoka uani nikakuta sufuria, sinia, sahani za watu hamsini, na mimi peke yangu. Nikakunja mikono nikaanza. Nilikuwa nimefika sahani ya kumi au kumi na moja nilipoona kigoda kinavutwa kando yangu. Nyanyako alikaa, akatandika kitambaa mapajani, akanyoosha mkono. Nikampa sahani. Akaifuta, akaiweka chini, akanyoosha mkono tena.

Tulimaliza vyote hivyo hivyo. Jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa ukuta. Aliikunja leso yake iliyolowa, akaniambia, "Niitie tuktuk," nami nikaenda nikamwitia.

Pumzika, mwanangu, na Mola akupanulie kifua chako huko. Sikuombi unijibu wala unisamehe, maana ulikuwa mtoto, na ungenisamehe kabla sijamaliza kusema.

Ni mimi,
Mamako